Kufunga na Kufungua: Funzo la Kiroho kutoka Marafa

Wahenga walinena kuwa mwenye njaa hana miiko. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtetea maskini aliyelazimika kula asichopaswa kula, au kutenda asilopaswa kutenda, kwa sababu tumbo limemshinda nguvu. Lakini iko njaa nyingine ambayo methali hii haikuigusia waziwazi. Ni njaa ya kutafutwa, njaa ambayo mtu huiingia kwa hiari yake akitaraji kumkaribia Mungu wake. Je, mwenye njaa ya namna hii naye hana miiko? Swali hili lilinikabili nyumbani kwetu Marafa kabla sijajua kwamba ni swali la uhai na mauti. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi nilivyojifunza kulijibu, na jinsi jibu lenyewe lilivyobadilisha si kufunga kwangu tu, bali pia kusali, kusoma na kunyamaza kwangu.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Marafa ni kijiji kilichoko kaskazini mwa mto Sabaki katika Kaunti ya Kilifi, mwendo wa kilomita zipatazo 30 kutoka Malindi. Watalii hupajua kwa ajili ya Nyari, bonde lenye magenge ya mchanga mweupe, wa waridi, wa rangi ya chungwa na mwekundu, ambalo wageni wamelibandika jina la Jiko la Jehanamu. Sisi wenyeji husema kuwa Nyari ni mahali palipojivunja penyewe. Wazee husimulia kwamba hapo zamani palikaa jamaa ya matajiri waliokuwa na ng'ombe wengi mno, hata wakawa wanaoga maziwa ilhali majirani zao hawana hata ya kuonja. Mungu akakasirishwa na israfu hiyo, akawadidimiza wao na mali yao. Weupe na wekundu wa magenge yale, husemwa, ni maziwa yao na damu yao. Wanajiografia nao watakwambia kuwa ni kazi ya mvua na upepo, iliyofanywa tone kwa tone kwa miaka mingi. Nilikua nikizisikia kauli hizi mbili bila kuona mgongano wowote baina yake.

Nililelewa na hawe, ndivyo sisi Wagiriama tumwitavyo bibi. Hawe alibatizwa akiwa mtu mzima. Hajasoma sana, na tangu macho yake yaanze kufifia hategemei tena kitabu, hutegemea yale aliyokwisha kuyahifadhi moyoni. Kila alfajiri, kabla jogoo hajawika mara ya pili, huamka akafagia uwanja huku akisema na Mulungu kwa sauti ya chini. Huwataja wanawe na wajukuu wake mmoja baada ya mwingine, walio hai na walio mbali, kisha humalizia na majirani. Utotoni niliidhania sauti ile kuwa sehemu ya kufagia. Sikujua kwamba nalala kando ya mtu wa sala.

Niliokoka nikiwa kidato cha pili. Nikajiunga na kundi la vijana waliokuwa na ari kubwa ya kukua kiroho, nasi tulikuwa na kiongozi aliyetufundisha kwamba Mkristo asiyejitia nidhamu ni kama mche usiotiliwa maji. Neno hilo lilikuwa kweli, na hata leo nalikubali. Alituorodheshea mambo ya kufanya: kusali asubuhi na jioni, kusoma sura tatu za Biblia kila siku, kuhifadhi aya, kukesha Ijumaa, kufunga Jumatano, kutoa fungu la kumi. Nilinunua daftari la kurasa 96, nikalichora safu, nikawa natia alama katika kila jambo nililolitimiza. Ikiwa siku ina alama zote, nililala kwa furaha. Ikiwa ina pengo, nililala nikijilaumu. Nakiri hapa kwamba katika muda wa miezi michache nilianza kulipenda lile daftari kuliko Yeye ambaye kwa ajili yake nililinunua. Nakiri pia kuwa nilianza kumhurumia hawe, nikimwona mtu asiye na ratiba, ambaye imani yake ni ya mazoea tu.

Mwaka wa 2022 nilimaliza kidato cha nne, nikawa nyumbani nikisubiri kuitwa chuoni. Msomaji atakumbuka kuwa ile ilikuwa miaka ya ukame mkali. Tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilikuwa zikikatika msimu baada ya msimu katika upembe wa Afrika na sehemu nyingi za Kenya, na kwetu Magarini mahindi yalikuwa yakikauka kabla ya kubeba. Watu walikula mara moja kwa siku, tena si kwa ibada. Ni katika hali hiyo kiongozi wetu alipotutangazia mfungo wa kuvunja minyororo. Tusile chochote, alisema, mpaka Mungu atujibu. Nami nilikuwa na ombi langu la nafasi ya masomo, nikaona kwamba hapa ndipo imani yangu itakapopimwa.

Siku ya kwanza hawe alinitengea sima na mchunga, nikamwambia nimefunga. Alinitazama, kisha akaniuliza swali ambalo kila mkazi wa pwani humuuliza mtu aliyefunga, awe Mwislamu au Mkristo.

"Utafungua lini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kuwa nitafungua Mungu atakaponijibu. Hawe akanyamaza kitambo, akasema, "Njaa tunayo tele, mjukuu wangu. Wewe waitafuta ya nini, tena isiyo na mwisho?" Nilimwona kuwa mtu wa mwili, asiyeelewa mambo ya rohoni. Nikaingia ndani nikatia alama katika daftari.

Siku ya tatu nilitumwa maji. Nilipokuwa narudi na mtungi wa lita 20 kichwani, jua liligeuka jeusi machoni pangu, nikaanguka njiani. Maji yote yalimwagika, na katika mwaka ule maji yaliyomwagika yalikuwa hasara ya nyumba nzima. Waliniokota majirani. Hawe alininywesha uji mwembamba kijiko kwa kijiko kama mtoto mchanga, wala hakunisimanga. Jioni kiongozi wetu alipokuja kunitazama, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba nimefungua kabla ya wakati, na kwamba baraka yangu ilikuwa karibu kufika. Sikumchukia, wala simchukii leo, kwa kuwa naamini alisema aliyoyaamini. Lakini nilisikia kitu kikikatika ndani yangu. Kati ya sauti mbili zilizokuwa kando ya kitanda changu usiku ule, ya yule aliyeijua Biblia kwa sura na aya na ya yule aliyeshika kijiko, sikuwa na shaka ni ipi iliyofanana na sauti ya Kristo.

Nikaitwa chuoni, nikaenda. Daftari nililichukua lakini nilipunguza safu zake. Kisha ikaja Aprili 2023.

Sina haja ya kueleza kwa kirefu yaliyotokea Shakahola, maana dunia nzima iliyasikia. Kwa dunia, Shakahola ilikuwa habari ya magazetini, lakini kwetu lilikuwa jina la mahali tupajuapo, msitu ulioko upande wa bara wa Malindi katika kaunti yetu wenyewe. Watu walikuwa wamehamia huko kutoka pembe mbalimbali za Kenya wakimfuata mhubiri Paul Mackenzie, na kwa mujibu wa mashtaka waliaminishwa kuwa wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika mwaka ule, miongoni mwao watoto wengi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa, na kwamba wengine walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mhubiri na wenzake walifikishwa mahakamani, nao wakayakana mashtaka. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Jessie Lesiit na jopo lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi. Hata baada ya hayo yote, mwaka wa 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi.

Niliisoma habari ile katika simu nikiwa chumbani mwangu chuoni, nikakumbuka mtungi uliomwagika. Nilijiuliza, baina yangu na wale waliozikwa msituni palikuwa na umbali gani? Ningependa kusema kuwa umbali ulikuwa mkubwa, kwamba mimi nilikuwa na akili na elimu. La hasha! Miongoni mwa waliokwenda kule walikuwemo watu wenye elimu na kazi zao. Umbali uliokuwapo ulikuwa mwembamba kama uji wa hawe. Mimi nilikuwa na mtu wa kuniuliza nitafungua lini, nao walipelekwa mahali ambapo hapana jirani wa kuuliza.

Tangu siku ile niliacha kufunga. Nikaacha na kukesha. Daftari nililisukumia chini ya godoro. Nilisema kuwa nimekomaa, kumbe nilikuwa naogopa. Wenzangu nao hawakusaidia, kwani ilikuwa mtu akitaja tu neno mfungo hujibiwa kwa kicheko: "Usije ukatupeleka Shakahola!" Nilicheka nao. Lakini baada ya miezi kadhaa niligundua kuwa kuacha njia mbovu si sawa na kupata njia njema. Roho yangu haikuwa huru, ilikuwa kavu tu. Nilisali wakati wa mitihani. Biblia niliifungua Jumapili. Hasira yangu ilikuwa karibu kuliko zamani, na muda niliokuwa nikiutumia kwa sala nilikuwa nikiupoteza kwa simu. Kwa kuogopa mche kufa kwa maji mengi, nilikuwa nauacha ufe kwa kiu.

Aliyenisaidia kuanza upya hakuwa mchungaji bali mwenzangu wa chumbani, mwanafunzi Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, nilimwona akiamka kula daku, akihudhuria mihadhara mchana kutwa bila tone la maji, na jua likizama akiharakisha kufungua kwa tende na maji, kisha akinikaribisha futari. Siku moja alishikwa na homa, akala mchana. Nilimuuliza kwa mshangao kama hakuogopa kuiharibu saumu yake. Akanijibu kwamba mgonjwa ana ruhusa, naye atailipa siku hiyo akipona. Akanieleza kuwa msafiri ana ruhusa pia, na mjamzito, na mama anyonyeshaye. Mtoto hajalazimishwa. Wala mtu haruhusiwi kuunganisha usiku na mchana bila kula. Kisha akaniuliza, bila kujua alikuwa ananiuliza swali la hawe, "Na nyinyi mkifunga, mwafungua saa ngapi?"

Kuulizana maswali kama haya baina ya jirani wa dini mbili si jambo geni katika pwani yetu. Fransisko Xavier alipotia nanga Malindi mwaka wa 1542 akielekea India, mzee mmoja Mwislamu wa mji huo alimuuliza ikiwa Wakristo huhudhuria makanisa yao na kusali kwa bidii. Mzee huyo alikuwa na huzuni, kwa sababu katika misikiti 17 ya mji huo ni 3 tu iliyokuwa ikisaliwa, tena na watu wachache. Xavier mwenyewe ndiye aliyeyaandika hayo katika barua yake. Huu ni mwaka wa mia nne na themanini na ushei tangu mzee yule aulize, na bado nahisi swali lake linanihusu. Jirani anayekuuliza habari za ibada yako hakufanyii uchokozi kila mara. Wakati mwingine anakusaidia kujichunguza.

Swali la mwenzangu lilinirudisha kwenye somo letu la sarufi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili twajua kuwa lugha yetu ina kauli ya kutendua, ambayo huligeuza tendo na kulirudisha lilikotoka. Tunakunja na kukunjua, tunaziba na kuzibua, tunafunga na kufungua. Katika ibada, lugha haikuridhika na nusu moja ya jozi hii. Mtu hufunga saumu, kisha hufungua. Tendo la pili halihesabiwi kuwa udhaifu wala kushindwa, bali ndilo linalolikamilisha la kwanza. Mswahili akikuuliza utafungua lini, hakuulizi utaacha lini kumcha Mungu. Anakuuliza ibada yako itakamilika lini. Na kama hakuna kufungua, basi kilichobakia katika mzizi ule ule ni neno jingine tunalolijua sote, nalo ni kifungo. Niliona wazi kwamba mfungo niliouingia mwaka wa 2022 ulikuwa kifungo, na kwamba msitu wa Shakahola ulikuwa gereza lililopewa jina la ibada.

Nilipoiendea Biblia na fikra hiyo, nilishangaa kuona jinsi mambo yalivyokuwa bayana muda wote. Katika sura ya 58 ya kitabu cha Nabii Isaya, watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga naye hakuona. Jibu wanalopewa ni kwamba saumu aliyoichagua ni kumfungua aliyefungwa na kumpa mwenye njaa chakula. Tafsiri yetu ya mwaka wa 1952, ambayo wengi wetu tulikua nayo, inatumia pale neno lile lile, kufungua. Katika sura ya 19 ya kitabu cha kwanza cha Wafalme, Eliya anaketi chini ya mti jangwani akiomba afe. Mungu hamsifu kwa kuitamani mbingu. Anamwacha alale, kisha anamtuma malaika amwamshe ale mkate na kunywa maji, si mara moja bali mara mbili, ndipo safari inapoendelea. Bwana Yesu naye alifunga siku 40, siku zenye hesabu na mwisho, na katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo aliwaagiza wanaofunga wanawe uso na kujipaka mafuta. Tena alipomfufua binti wa Yairo, agizo alilowaachia wazazi lilikuwa wampe chakula.

Makanisa ya kale nayo yaliweka miiko. Katika Kanisa Katoliki, sheria ya kufunga siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu huwahusu watu wazima kuanzia miaka 18 hadi wanapoingia mwaka wao wa 60, na hata hao huruhusiwa mlo mmoja kamili. Zamani nilidhani kanuni hizo ni ulegevu wa watu wasio na moto. Sasa naziona kuwa ni hekima ya watu waliokwisha kuuona moto ukiunguza nyumba. Hivyo basi, ile methali niliyoanza nayo nimeigeuza kwa ajili ya matumizi yangu: mwenye njaa ya kulazimishwa huenda asiwe na miiko, lakini mwenye njaa ya kuchagua hana budi kuwa nayo.

Mwishoni mwa mwaka wa 2023 nilirudi Marafa likizoni. Mvua za El Nino zilikuwa zimenyesha kwa kishindo, na ukingo wa Nyari ulikuwa umemeguka mahali ambapo utotoni tulikuwa tukikaa. Nilikwenda pale alfajiri, nikaketi mbali na ukingo, nikanyamaza. Sikusema neno kwa muda wa nusu saa. Nilizoea kudhani kwamba sala ni wingi wa maneno, na kunyamaza mbele za Mungu ilikuwa nidhamu ambayo haikuwamo katika daftari langu. Nilipolitazama bonde niliona kwamba zile kauli mbili za utotoni zilikuwa zinasema jambo moja. Matajiri wa hadithini hawakuangamia kwa sababu ya maziwa bali kwa kusahau majirani, na bonde halikufunguka kwa siku moja bali kwa matone. Moyo nao humeguka hivyo hivyo, kidogo kidogo, kwa sala iliyoachwa leo na jirani aliyesahauliwa kesho. Na kama haba na haba hubomoa, bila shaka haba na haba hujaza kibaba.

Nilianza upya kwa mambo machache. Asubuhi huamka mapema, nikasali kwa dakika kumi, na katika dakika hizo huwataja watu kwa majina kama afanyavyo hawe. Husoma fungu fupi la Biblia badala ya sura tatu za kukimbia, kisha hulichukua neno moja nikalitafakari mchana kutwa. Jioni huketi kimya kwa muda mfupi, simu ikiwa imezimwa, nikajiuliza ni nani niliyemkosea. Nikimkumbuka, humwendea. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na mara nyingi hushindwa.

Jumatano hufunga. Lakini sasa nina miiko mitatu, nami naiandika hapa kwa kuwa huenda ikamfaa mwanafunzi mwingine. Wa kwanza ni kwamba sifungi pasipo kujua nitafungua saa ngapi. Kwangu ni saa kumi jioni, na maji hunywa. Wa pili ni kwamba sifungi pasipo mtu anayejua. Bwana Yesu alitukataza kufunga ili tuonekane na watu, lakini hakutuagiza kujificha kwa wale wanaotupenda, na mtu akinitaka nifunge kwa siri ambayo hawe haruhusiwi kuijua, najua kwamba hapo pana hatari. Mwiko wa tatu ni kwamba chakula nisichokula ni lazima kiliwe na mtu mwingine. Nikiwa nyumbani, kibaba cha unga wa mlo wangu wa mchana hupelekwa kwa mjane mmoja jirani yetu. Nikiwa chuoni, fedha za chakula cha mchana humfaa mwenzangu ambaye mkopo wake haujafika. Bila mwiko huu wa tatu, kufunga kwangu kungekuwa kubana matumizi tu.

Kipimo hiki cha kufungua nimekitumia pia katika nidhamu nyingine, nikaona kuwa kinafaa. Sala hufunga mlango wa chumba, lakini ikiwa ni sala kweli, mtu hutoka akiwa na mkono uliofunguka. Kusoma Neno peke yako ni kuzuri, lakini ni lazima ufike wakati ulisome mbele ya wenzako, wakusahihishe, maana waliopotea msituni walikuwa na sauti moja tu ya kuwafasiria. Kunyamaza nako kuna mwisho wake, nao ni neno la upatanisho. Nidhamu ambayo inakufunga zaidi kila siku, inayokutenga na ndugu, na jirani, na daktari, na hata na sufuria ya nyumbani kwenu, hiyo si nidhamu ya Kristo, hata kama imepambwa kwa aya.

Sitaki msomaji adhani kuwa nimefika. Ziko Jumatano ambazo nimekula saa nne asubuhi kwa uroho tu, nikacheka mwenyewe. Ziko wiki ambazo dakika zangu kumi zimegeuka mbili. Tofauti ni kwamba sina tena daftari la alama la kunishtaki. Aliye na mimi ni Mungu yule yule aliyemletea Eliya mkate, na wapo watu wanaonijua vya kutosha kuniuliza. Ndugu zangu wanafunzi, kama mko katika safari hii ya kukua katika imani, msiziache nidhamu za roho kwa ajili ya hofu ya Shakahola, kwa kuwa walioharibu ibada hawakuwa wenye kuimiliki. Lakini msiingie katika nidhamu yoyote isiyokuwa na mlango wa kutokea.

Nilipokuwa nyumbani likizo iliyopita, Jumatano moja hawe aliniona nikiupita uji asubuhi. Akasimama na ufagio wake mkononi.

"Umefunga?"

"Nimefunga, hawe."

"Utafungua lini?"

"Saa kumi."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vyema," akasema. "Basi saa tisa nitateleka sima. Nawe upeleke ule unga mapema, yule mama asingoje mpaka wewe ushibe."